Nyumba Tuliyoipita

Kijiji chetu kimekaa juu mno, na ukungu hulala nasi kama mtu wa nyumbani. Asubuhi ukitoka nje unaona mapaa tu yanaelea, chini yake weupe mtupu hadi kwenye mgongo wa mlima wa pili. Macho hayana kazi saa hizo. Unaishi kwa masikio: nani anatwanga, nani anagombana na mumewe, nani anakohoa tangu alfajiri.

Sung Par nilimjua kwa sauti kabla ya sura. Alikuwa ndiyo kwanza ameolewa na Hre Kio, nami nilikuwa jikoni napuliza moto, nikasikia mtu anaita kutoka ndani ya ule weupe: "Wenye nyumba, kiganja!" Sauti nyembamba, ya furaha isiyo na sababu. Nikamwambia mume wangu, marehemu sasa, kwamba huyo bibi harusi bado hajakutana na dunia. Nilikuwa na mdomo hata wakati huo.

Kiganja ndicho kinachotuweka pamoja, sisi wa kanisa la huku mlimani. Kabla ya kuinjika chungu, kila mama huchota kiganja kimoja cha mchele na kukitia kwenye kopo karibu na jiko. Asubuhi kiganja, jioni kiganja. Jumamosi wanawake wawili hupita na mfuko wakiita, na mwenye nyumba huitikia, "Kipo!" Akishakimimina mfukoni hutaja mtu wa kuombewa, na haruhusiwi kumtaja wa nyumba yake. Mchele huo huenda kwa wajane, kwa wageni, kwa mhubiri. Na nyumba moja tu ndiyo hupitwa bila kuitwa: ile iliyofiwa, mpaka matanga yaishe.

Miaka kumi na minane tulipita pamoja, mimi na Sung Par. Yeye aliita, mimi nilibeba mfuko na kusema ya watu. Alikuwa mfumaji. Alijifunga kiunoni mkanda wa kitanda cha mfumi, kile cha kufumia nguo, akanyoosha miguu, na kitambaa chekundu kikawa kinamtoka mapajani taratibu huku yeye anawaza mambo yake. Ukimwuliza unawaza nini, anasema, "Hata sijui, dada. Nilikuwa mbali." Mumewe Hre Kio alikuwa mwindaji, mtu wa maneno mengi na sauti nzito ambayo kanisani haikuwahi kupatana na wimbo. Kila Jumamosi alinichokoza.

"Shemeji Thluai, ulimi wako ungekuwa panga, tungekuwa tumemaliza kufyeka shamba."

"Na sauti yako ingekuwa mbwa," nikamwambia, "tungeshaifunga kamba."

Walikuwa na binti mmoja, ameolewa bonde la pili. Nyumbani walibaki wawili na kicheko chao.

Kisha mianzi ikachanua. Huchanua mara moja tu katika miaka hamsini hivi, na sisi tuliozaliwa baada ya ile ya mwisho tulikuwa hatujaiona, tuliisikia tu kwa wazee. Ilipendeza, siwezi kusema uongo. Mlima mzima ulivaa rangi ya majani makavu, na maua yakawa yanadondoka polepole kama vumbi la ndotoni. Wazee waliyatazama wakalia, tukawacheka. Baada ya maua yakaja matunda, na baada ya matunda panya, kwa maelfu, wamenenepa, hawaogopi mtu. Tulilala tuna mashamba, tukaamka tuna mabua.

Hre Kio alikuwa ameshaanza kukohoa. Zahanati ya bondeni walisema ni kifua kikuu, wakampa dawa ya miezi sita, na muuguzi akamsisitizia ale vizuri. Ale vizuri! Tulikuwa tunachimba viazi vikuu vya msituni, vile vinavyowasha, tunavichemsha mara tatu, tunavikata vipande na kuvianika, na tunashukuru.

Kanisa likafungua ghala lake dogo na kuanza kugawa. Kwa Sung Par tukawa tunapeleka kopo la mahindi kila Jumapili. Hapo ndipo nilipoharibu, na nisimsingizie mtu, wazo lilikuwa langu. Nilisimama kwenye mkutano wa wanawake nikasema kwamba anayepokea asiombwe kiganja. Kumwomba mtu kidogo tulichompa sisi wenyewe ni kumtesa. Wote wakaitikia ndiyo, ndiyo, Pi Thluai kasema vema. Na sisi kumwita mwanamke "Pi" ni kumpa heshima, kwa hiyo nikaketi nimevimba kichwa.

Sung Par mwenyewe hakuwa akija mikutanoni tena, alikuwa na mgonjwa. Jumamosi nikawa napita na Dawt, jirani yangu, mwanamke mwoga hata wa kuku. Tukaita nyumba ya chini, tukaita ya kushoto, tukafika kwa Sung Par tukanyamaza. Tulivua hata viatu tusisikike. Dawt alishikwa na chafya akaizika ndani ya mfuko wa mahindi. Tukaita tena nyumba ya juu yake. Jumamosi ya kwanza hivyo, ya pili hivyo, ya tatu hivyo, na kila mara nilijiona mtu mwema.

Jumatano moja, saa ya kuanika viazi, Sung Par akatokea kwenye ukungu uani kwangu. Hakusalimia. Alinishika mkono, akaufungua, akanimiminia kitu kiganjani. Vidonge. Vimejaa, vingine vimeanza kuyeyuka kwa unyevu.

"Kiganja chenu hicho," akasema.

"Mdogo wangu, hivi ni nini?"

"Ni dawa ya mume wangu. Nimevitoa kwenye ufa wa ukuta, kila siku ananiambia amemeza. Nimemwuliza kwa nini, unajua kanijibu nini? Anasema, 'Mke wangu, kwani wewe huna masikio? Wanaita chini, wanaita juu, kwetu wanapita kimya, kama nyumba iliyofiwa. Muuguzi kamwambia mchungaji, mchungaji kawaambia wote, wewe tu na mimi ndio hatujaambiwa. Mimi ni maiti, Sung Par. Usipoteze maji kuninyweshea dawa.'"

Nikavifumbata vile vidonge. Lakini mdomo wangu hauna adabu, hutangulia. "Tulikuwa tunawahurumia! Tungewaomba nini, na nyinyi hamna kitu?"

"Huruma gani inavua viatu mlangoni kwa watu?"

"Mlikuwa mnapokea. Tukasema tusiwasumbue."

"Tulikuwa tunapokea, na nilikuwa naweka. Kila chungu ninachoinjika, naweka. Kipande cha kiazi, punje za mahindi, naweka. Jumamosi nakaa karibu na mlango nimepakata kopo, nasikia sauti yako inapanda, Pi Thluai, naijua kama sauti ya mama yangu, halafu inakatika. Halafu inaanza tena kule juu." Akakaa chini pale pale kwenye tope. "Mimi sijui kama atapona. Mungu hajaniahidi hilo, na wala simdai. Ninachojua ni kwamba Yesu aliingia kwenye nyumba za wagonjwa. Hakuzipita. Nyinyi ndio mmeipita yetu."

Mimi ni mtu wa kanisa tangu ubatizo. Tumaini la Kristo nililijua kwa kinywa, ningeweza kulieleza mbele ya mkutano bila kukohoa. Lakini siku ile nililiona limekaa kwenye tope uani kwangu, limekonda, limekasirika, na mimi ndiye niliyekuwa nimelifungia mlango. Niliona aibu mpaka nikatamani ukungu unimeze.

"Twende sasa hivi," nikamwambia. "Nikaite mlangoni sasa hivi."

"Usithubutu. Akikusikia Jumatano atajua nimekutuma. Huyo ananusa huruma kama anavyonusa nguruwe mwitu. Njoo Jumamosi, uanzie chini kama siku zote." Akainuka kutoka kwenye tope. "Nami sitakuwepo. Nitakwenda msituni mapema."

"Sasa nani ataitikia?"

"Hilo ndilo sijui," akasema, akavichukua vidonge vyake mkononi mwangu, akaondoka.

Siku tatu zile zilienda kama mtu anayetembea ndani ya maji. Homa ya Hre Kio ilipanda. Sung Par alinieleza baadaye kwamba kila alasiri mumewe alikuwa akizungumza peke yake, kwa upole ambao hakuwa nao alipokuwa mzima. Alisema yuko njiani kuelekea shamba la zamani la baba yake, njia ni ya mawingu lakini inakanyagika, na mpunga kule umesimama, haujaguswa na jino la panya. Alikuwa akitabasamu. Tabasamu lile ndilo lililomtisha Sung Par kuliko damu aliyokuwa akiikohoa. Mimi kwangu nilijaribu kuomba, maneno yakawa makavu mdomoni, nikabaki nasema tu, Bwana, mwache aitikie. Bwana, mwache aitikie.

Jumamosi ukungu ulikuwa mzito hata Dawt aliyekuwa mbele yangu alionekana bega moja tu. Tukaanzia chini kabisa.

"Wenye nyumba, kiganja!"

"Kipo!"

Nikaita kwa nguvu kuliko kawaida, nikitaka sauti ipande mlima na imfikie kabla yangu. Nyumba ya pili. Ya tatu. Kwenye ile ya kushoto walitutilia majani ya maboga mfukoni, maana ndicho walichokuwa nacho, wakamtaja mtoto wa jirani tumwombee, tukaomba. Kisha tukafika. Safari hii sikuvua viatu. Nilikanyaga ngazi ya mbao kwa kishindo kama askari.

"Wenye nyumba, kiganja!"

Matone tu kutoka kwenye paa.

"Amelala," Dawt akaninong'oneza. "Twende zetu, Pi, tusimwamshe."

"Nyamaza wewe."

"Labda ndiyo ameshakwisha..."

"Dawt, nitakutupa bondeni." Nikavuta pumzi. Nikalazimisha sauti iwe ile ile ya nyumba zote, isibembeleze, isitetemeke. "Wenye nyumba! Kiganja!"

Tukasikia mkeka. Mtu anajivuta. Kikohozi, kikatulia, kikaanza tena. Kitu kikaanguka, pengine kikombe. Nikasimama na ule weupe umenizunguka pande zote, sioni nyumba nyingine, sioni mlima, naona ule mlango tu.

"Kipo!" Ilitoka kama sauti ya mzee. Kisha, "Kipo, subirini basi, kwani mnafukuzwa?"

Dawt alinikamata mkono akaufinya mpaka nikaumia.

Mlango ukafunguka. Jamani, alikuwa amekwisha. Mtu aliyekuwa akibeba paa wawili mabegani sasa alikuwa anashikilia nguzo. Nilitaka kulia nikajizuia, maana angenicheka. Kopo lilikuwa miguuni pake, alikuwa amelisukuma sakafuni kwa mguu.

"Mmechelewa," akasema. "Jumamosi tatu."

"Njia ilikuwa mbaya, shemeji."

"Njia!" Akapumua. "Nimelinyanyua hili kopo nikidhani ni tupu, likanishinda. Huyu mwanamke alikuwa anaweka siku zote hizi? Mimi nalala hapa nimeshajizika, mwenzangu anaweka?"

"Anaweka."

Akaliangalia kopo muda mrefu. Kisha akainama, akachota vipande vya viazi na punje za mahindi kwa mkono wake, akamimina mfukoni, akainama tena, akachota tena. Nilitaka kumsaidia akanikazia macho. Alichota mpaka kopo likaisha, na kati ya kiganja na kiganja tulingoja apumue.

"Haya," nikasema, kwa ile sauti ya nyumba zote. "Tumwombee nani?"

Alikuwa hanitazami usoni, alikuwa anatazama chini, kwenye miguu yangu.

"Mwombeeni Pi Thluai," akasema. "Miguu imemvimba kwa njaa, na anajifanya ameshiba."

Nilikuwa sijamwambia mtu. Ghala lilikuwa wazi kwa kila mwenye njaa na funguo nilikuwa nazo mimi, na sikuwahi kwenda kupokea hata punje, kwa kuwa sheria ilikuwa yangu na niliogopa kupitwa. Nikakaa pale kwenye ngazi, mfuko mapajani, nikalia kwa sauti kama mtoto aliyepotea sokoni. Dawt alikuwa ameshaanza zamani. Hapakuwa na wa kuomba.

Basi akaomba yeye. Aliegemea nguzo, akafumba macho, akaomba kwa ile sauti yake isiyopatana na kitu, polepole, akikata kila maneno mawili avute hewa, akanitaja kwa jina langu lote na jina la marehemu mume wangu. Alipomaliza akasema amina peke yake, kwa sababu sisi wawili hatukuweza, kisha akaniomba maji ya kumezea dawa.