Kukoga na Helmeti

Juzi, katika zahanati moja ya Al Quoz, mtaa wa viwanda huku ughaibuni, aliingia Mganda mmoja, mfanyakazi wa bohari, ameshika mkono uliovimba. Msimamizi wake, Mkenya, ndiye aliyemjibia kila swali.

"Ameteleza bafuni, sista. Si kazini."

Muuguzi, mama wa Kizanzibari, akamtazama mgonjwa kuanzia helmeti mpaka buti.

"Kwani mwanangu hukoga na helmeti?"

Mgonjwa akatikisa kichwa. "Maboksi yameniangukia, madam."

Msimamizi akashusha pumzi. "Khalas, basi. Andika ni kazini."

Nje, wenzake walikuwa wamesimama ndani ya basi la kampuni, wanachungulia. Mgonjwa alipotoka na kuwaambia, "Imeandikwa kazini, matibabu ni juu ya kampuni," wakakaa mmoja mmoja.

Mabosi wanaotafuta utulivu kazini wangekuwepo, wangeona watu wanavyokaa bila kuamriwa.