Mursik ya Pakiti

Mimi sina ugomvi na kupigiwa makofi. Ugomvi wangu ni makofi yakipigwa badala ya haki ya mtu. Niliyaona haya kwa macho yangu katika kiwanda kimoja cha chai huku kwetu kati ya Kericho na Bomet, na mpaka leo nikiyakumbuka damu inanichemka.

Nilikuwa msimamizi wa kitengo cha kupakia. Chai ikishakaushwa na kuchekechwa inakuja kwetu, tunaijaza kwenye mifuko, tunapima, tunafunga, inapangwa kungoja lori. Ukidhani ni kazi rahisi, njoo usimame pale asubuhi nzima vumbi la chai likikuingia puani. Wageni wengi walikuwa wakitoroka kabla mwezi haujaisha. Wenye ofisi walisema ati vijana wa siku hizi ni wavivu. Wavivu wapi! Mtu anaanza kupigiwa kelele akiwa bado getini, hata hajaonyeshwa choo kiko wapi.

Aliyewafanya wageni wakae ni mwanamke mmoja kutoka upande wa Chepilat, wa rika la binti yangu mkubwa. Mgeni akiletwa, alikuwa anamvuta kando yake na kumpa kazi ya kushika mdomo wa mfuko tu, mpaka mikono ikome kutetemeka. Akimwaga chai, alikuwa anacheka na kumwambia, "Hata mimi nilimwaga, na si unaona niko hai?" Alijua nani amegombana na mumewe na nani asipangwe karibu na nani. Hakuna aliyemtuma. Siku ambayo hakuwepo, kitengo kizima kilikuwa kama nyumba ambayo mama amesafiri. Mbele ya watu aliniita madam. Tukiwa wawili aliniita senge, yaani shangazi, kwa sababu ukoo wetu ni mmoja.

Sasa sikiliza. Huyo mwanamke alikuwa kibarua. Kila mkataba wake ulipokaribia kuwa mrefu wa kumfanya mtu wa kudumu, aliambiwa aende apumzike. Alirudisha beji getini, akakaa nyumbani majuma kadhaa, kisha akaitwa tena na kuandikishwa upya kama mgeni. Mgeni! Mtu aliyefundisha nusu ya kitengo! Walioandikwa kazi ya kudumu walikuwa na nyumba ya kampuni na kadi ya hospitali ya familia nzima. Yeye alikuwa na mtoto mwenye pumu. Baridi ya huku ikizidi na kifua cha mtoto kikibana, alikuwa anambeba kwa bodaboda akiomba Mungu tu wampokee. Alitaka kitu kimoja, kuandikwa. Sifa hakuomba.

Nilimsemea. Nilienda ofisini mara nyingi hadi karani akiniona anajifanya ako kwa simu. Nikawaambia mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Nilijibiwa ati jambo hilo linafikiriwa.

Ndipo akaja mtu mpya wa kusimamia mambo ya wafanyakazi. Kijana wa viatu vya kung'aa, ametoka semina Naivasha, na kila sentensi yake ilikuwa na neno motisha ndani. Akatangaza kutakuwa na Siku ya Vipaji, na kila kitengo kitaje mfanyakazi bora. Sisi hatukuhitaji hata mkutano. Jina lilikuwa moja, na vitengo vingine navyo vikataja lilo hilo.

Uvumi ukaenea kwamba zawadi ni kubwa. Yule mwanamke akanifuata stoo, macho yameng'aa.

"Senge, unafikiri ni ile?"

"Pengine ni ile," nikamwambia, na haki ya Mungu nilikuwa naamini. Ungemzawadia mtu kama huyo nini kingine?

Wiki hiyo kijana wa motisha akaniita. Alikuwa ameona kwenye televisheni wakimbiaji wetu wakipokelewa uwanja wa ndege na mursik, maziwa yetu ya kibuyu, akapenda. Akaniomba niazime kibuyu chenye mursik kwetu nyumbani. Nikampelekea mama ombi hilo. Mama hakuacha hata kukamua.

"Kwani kibuyu ni sufuria ya kuazimana? Si mkubwa wenu ana mama? Aende kwao."

Hapo ndipo pananiuma zaidi. Mkubwa wetu, meneja mwenyewe, ni mtu wa hapa hapa. Amelelewa na mursik. Anajua vizuri kibuyu husuguliwa ndani kwa mkaa wa mti, maziwa yakatiwa na kufunikwa siku kadhaa, yakatoka na rangi ya majivu na harufu ya nyumbani. Lakini alinyamaza. Wakanunua kibuyu cha kuuzia watalii, kina shanga na vanishi, wakamimina ndani maziwa lala ya dukani. Pakiti zenyewe niliziona nyuma ya tenti, hata hawakujali kuzificha.

Siku ikafika. Yule mwanamke alikuja na gauni lake la kanisani, amemleta mama yake na mtoto, wakaketishwa mbele. Jina lake lilipotajwa, wanawake wakapiga vigelegele mpaka wapita njia wakasimama barabarani. Mkubwa akashika kipaza sauti. Akasema huyu ni binti yetu, huyu si mfanyakazi, huyu ni wa familia. Akamkabidhi kibuyu, kamera zikapiga. Mwanamke akanywa. Niliona uso wake ukijikunja kidogo kwa ladha ya vanishi, kisha akameza, kwa heshima.

Wakamwongezea cheti chenye fremu na chupa ya chai. Nikangoja. Mama yake naye alingoja, amekaa kwenye ncha ya kiti. Mkubwa akarudi kuketi, akafungua soda.

Oi! Ndiyo ilikuwa imeisha!

Mtangaza sherehe akampa yule mwanamke kipaza sauti atoe shukrani. Akakitazama kwanza. Halafu akasema, polepole, bila kupandisha sauti:

"Nashukuru. Kwetu mursik hupewa mtoto wa nyumbani akirudi na ushindi. Na mkubwa amesema mimi ni wa familia. Basi naomba kuuliza tu. Mwezi ujao mkiniambia nirudishe beji, mtoto wa nyumbani mnamfukuza aende wapi?"

Huko nyuma wanawake wangu wakaanza vigelegele upya, na vile havikuwa vya harusi. Kijana wa motisha akamkimbilia mpiga muziki amwambie aongeze sauti. Mkubwa akacheka kwa meno tu, akasema hayo yataongelewa ofisini.

Hayakuongelewa popote. Mkataba ulipoisha, alirudisha beji kama kawaida, ila safari hii hakuitwa tena. Nilipanda ofisini nikiwa na aproni yangu na vumbi langu, nikauliza kisa. Nikaambiwa hana shukrani. Shukrani ya nini, jamani? Ya maziwa ya pakiti? Walimvisha kilemba cha ukoka mchana kweupe, kisha wakakasirika alipouliza mbona ni nyasi!

Nilimtembelea kwao baadaye. Nilitaka kumwambia pole, lakini nilipofika nikamshika mkono tu. Yeye ndiye aliyesema.

"Singeweza kunyamaza, senge. Mama yangu alikuwa ananitazama, anangoja nimwambie tumepata."

Kitengo changu kikalegea. Wageni wakawa wanakuja na kutoroka, mifuko inarudishwa kwa kufungwa vibaya, watu hawasalimiani. Na waliobaki wakajifunza somo lao: fanya kazi ya kutosha usifukuzwe, lakini usionekane. Mtu akimaliza mapema alikuwa anajifanya anatafuta uzi wa kufungia mifuko. Singewalaumu. Ningewalaumu kwa lipi?

Siku ya Vipaji iliyofuata tenti zilikuwa kubwa zaidi. Wakaita jina la fundi mmoja wa mitambo, mtu mwenye mikono ya dhahabu kweli. Hakuinuka. Wakaita tena. Jirani yake akasema ameenda choo, na fundi mwenyewe ameketi pale pale anatazama viatu vyake. Wakaita mshindi wa pili, mama mmoja wa jikoni. Naye akasema kichwa kinamuuma, kibuyu wampe mwingine.

Kesho yake kijana wa motisha akaniita, amechanganyikiwa kabisa, nusura nimhurumie. Akasema ametumia kila mbinu aliyofundishwa na watu hawa hawasisimki. Akaniuliza, kwa kuwa mimi ni mtu wa hapa na ninawaelewa, wanataka nini hasa.

"Mwandike mtu mmoja," nikamwambia. "Mmoja tu, kazi ya kudumu, mbele ya wote. Halafu uone."

Akashusha kalamu, akanitazama kwa upole, vile watu hutazama mtoto aliyejibu swali ambalo halikuulizwa.

"Hayo ni mambo ya bajeti, madam. Mimi nakuuliza mambo ya motisha."