Karani wa Genge la Reli

Wiki iliyopita fundi aliniletea nguzo za geti. Nyumba yangu iko Mbwawa, nimeijenga mwenyewe na sikumwomba mtu hata msumari, kwa hiyo nguzo nazitaka za maana. Akashusha magogo mawili meusi kutoka kwenye toyo, ile pikipiki ya mizigo ya magurudumu matatu, akayatupa juani, akaenda kunywa maji. Haukupita muda, jua likayapasha, yakaanza kutoa harufu. Anayeijua haisahau: harufu ya dawa nyeusi, nzito kama lami, yenye ukali unaoshika kooni. Yalikuwa mataruma ya mbao, yale yanayolala chini ya reli. Nikamwambia fundi ayapakie na kuyarudisha alikoyatoa. Akacheka.

"Madamu, hizi mchwa hazigusi mpaka wajukuu zako wazeeke."

Nikamfokea. Nilimfokea mpaka jirani akachungulia juu ya ukuta. Fundi hakujua kosa lake, na mimi sikumweleza. Nawaeleza ninyi.

Wengi mnanijua kwa sura ya sasa. Stashahada ya utunzaji wa kumbukumbu iko ukutani kwangu, ofisini nina feni yangu, na watu wazima wenye suti husimama mbele ya meza yangu wakisubiri niwatafutie majalada yao. Nilifanya kazi za ndani Muscat miaka sita, nikarudi, nikajilipia chuo, nikamaliza katika watatu wa mwanzo. Nasema haya bila kuinamisha kichwa. Nimechoka na watu wanaotaka mtu aliyefanikiwa azungumze kama anaomba radhi. Ila kabla ya Muscat na kabla ya chuo, nilikuwa mtoto wa genge.

Genge letu lilikuwa na wanaume kumi na wawili wa mkandarasi mmoja mdogo, na kambi yetu ilikuwa porini upande wa Magindu. Nyumba zilikuwa za chumba kimoja kimoja, zimejipanga mstari kando ya njia ya treni kama mabehewa yaliyosahauliwa. Mchana mabati yalikuwa yanalia kwa joto. Treni ikipita, vikombe vilicheza kwenye sahani na mama alikuwa anashika sufuria bila hata kukatiza maneno yake. Wanaume walishindilia kokoto, wakainua reli kwa mitalimbo huku wakiimba matusi ya kumsema nyapara, ambaye alijifanya hasikii. Walirudi jioni wamejaa vumbi la chuma, vumbi jekundu linalokataa sabuni. Mashuka yetu yote yalikuwa na kivuli cha mgongo wa baba.

Baba, ambaye kwao ni Kisarawe, hakuwa mtu wa mtalimbo. Yeye alikuwa mtembea njia. Kila asubuhi alivaa makatambuga yake, akachomeka bendera nyekundu kiunoni, akabeba spana begani na nyundo ya mpini mrefu mkononi, akaenda peke yake kilomita nyingi, anagonga na kusikiliza. Nati iliyolegea aliikaza. Taruma lililokaa vizuri juu ya kokoto, alisema, linajibu kwa kifupi. Lile ambalo chini yake pameliwa na maji linajibu kama mtungi. Wakati wa likizo nilimfuata mara kadhaa. Nilikuwa naruka taruma hadi taruma, na yeye alikuwa ananinyamazisha kwa kidole, anagonga, anainamisha sikio kama mtu anayesikiliza tumbo la ng'ombe mwenye mimba.

Baba hakujua kusoma. Alilijua jina lake kwa umbo tu, kama unavyomjua ng'ombe wako. Mimi nilikuwa darasa la tatu, na nilisoma kila kilichopita mbele yangu: magazeti yaliyofungiwa maandazi, maboksi ya sabuni, maelezo ya dawa za minyoo. Nilisoma kwa sauti, nimesimama, mkono mmoja kiunoni. Genge zima likanipa cheo. Nikawa Karani.

"Karani, hebu tusomee, hii dawa inasema nimeze vidonge vingapi?" aliniuliza siku moja Masanja, Mnyamwezi mrefu aliyekuwa mtani mkubwa wa baba.

"Viwili, mara tatu kwa siku."

"Ona! Huyu hajatoka kwako, Salum. Wazaramo hamna kichwa hiki. Kichwa chenu ni cha kuvalia kofia tu."

"Nyamaza wewe," baba alijibu akiwa anaosha miguu. "Babu yako alikuja pwani kubeba mizigo, na wewe umekuja kubeba reli. Ukoo mzima mmeota sugu shingoni."

Wakacheka mpaka wakashikana. Baba akanitazama, na katika macho yake niliona kitu ambacho mtoto hapaswi kuonyeshwa mapema, kwa sababu kinalevya.

Sasa sikilizeni siri ambayo Karani hakumwambia mtu. Nilijua kusoma maandishi ya kupigwa chapa tu. Mwandiko wa mkono, ule wa kuunganisha herufi, ulikuwa kwangu kama nyuzi zilizokorogeka. Shuleni mwalimu alitundika ubaoni herufi mojamoja, zimeachana kama meno ya mtoto. Barua za wanagenge zilisomwa na Masanja, aliyemaliza darasa la saba, na mimi nilikuwa najifanya nina kazi nyingine. Wala hakuna aliyeniuliza. Karani ni karani.

Mvua za masika mwaka ule zilinyesha bila adabu. Siku moja baba alirudi mapema kuliko kawaida, akaenda moja kwa moja kwa nyapara. Nyapara wetu aliitwa Zuberi, mtu mwenye shati safi siku zote na kalamu mbili mfukoni, moja ya bluu na moja nyekundu. Nilikuwa nachota maji kwenye pipa, nikamsikia baba.

"Nyapara, pale kwenye kalavati kuna taruma nne zinalia mtungi. Chini kumekuwa tupu. Treni zipunguziwe mwendo mpaka tushindilie."

"Kokoto hakuna, Salum. Nikipiga simu kupunguza mwendo wataniuliza nilikuwa wapi tangu mvua zianze. Ngoja kokoto zije."

"Zitakuja lini?"

"Wewe gonga nyundo yako. Mambo ya simu niachie."

Siku tatu baadaye treni ya mizigo iliacha njia palepale kwenye kalavati. Hakuna aliyekufa, nashukuru. Mabehewa mawili yalilala ubavuni na mahindi yakamwagika mtaroni, na kwa wiki nzima nyani wa Magindu walinenepa. Sisi watoto tulifurahi.

Ilipita siku moja. Asubuhi Zuberi alimtuma Masanja Ruvu kwa kiberenge, kile kigari kidogo cha reli, akachukue boliti. Kiberenge kilipopotea kwenye kona, akamwita baba nje ya ofisi yake, chumba chenye meza na kalenda. Mama alikuwa mtoni. Wanagenge waliobaki walikuwa wamekaa kwenye rundo la mataruma mabovu, yananuka kwenye jua baada ya mvua, wananoa makoleo. Zuberi alikuwa ameitoa meza mlangoni, akaweka juu yake karatasi iliyojaa wino wa bluu na kidau cha muhuri.

"Hii ni taarifa yako, Salum. Nimekusaidia kuandika. Wakubwa wanaitaka leo. Weka dole gumba hapa."

"Inasemaje?" baba aliuliza.

"Inasema uliyoniambia."

"Nitamsubiri Masanja anisomee."

Zuberi akacheka, akawageukia wanagenge kama mtu anayetaka mashahidi. "Masanja wa nini? Si una karani wako? Au Karani ni wa maboksi ya sabuni tu?"

Wanaume wakacheka nao, si kwa ubaya. "Haya Karani! Toa shule hiyo!"

Baba akaniita. Nilikwenda nikiwa na tope miguuni. Nikaishika karatasi kwa mikono miwili. Mwandiko ulikuwa umelala, umeunganika, una mikia inayopanda mstari wa juu na kuzama wa chini. Niliona "Mimi" mwanzoni. Niliona umbo la jina la baba. Katikati niliona neno refu lenye k na l, nikabahatisha kuwa ni kalavati. Basi. Mengine yote yalikuwa nyuzi.

Ningeweza kusema sijui. Ni neno dogo. Lakini macho ya wanaume wote wale yalikuwa yananitazama, na ya baba. Nikaweka mkono kiunoni. Nikasoma:

"Mimi Salum, nilikagua kalavati, nikakuta mataruma manne ni matupu chini. Nikamwambia nyapara apunguze mwendo wa treni. Nyapara akasema tungoje kokoto."

Nilisoma kwa sauti ileile ya maandazi na dawa za minyoo, hata kituo nikaweka. Wanagenge wakapiga makofi. Nilipoinua kichwa nikakutana na macho ya Zuberi. Aliniangalia kwanza kwa mshangao, halafu nikaona mshangao unayeyuka na kitu kingine kinakuja, kitulivu, kama mtu aliyeokota kitu njiani na hamwoni mwenyewe.

"Umesikia, Salum?" akasema polepole. "Karani kasoma."

Baba akaitazama karatasi, akanitazama mimi, akamtazama Zuberi. Kisha akabonyeza dole gumba kwenye kidau, akalibandika chini ya karatasi, akalifuta kwenye suruali. Akaniwekea mkono kichwani. Wino ukanishika kwenye nywele.

Siku ya tano baada ya hapo gari la mkandarasi lilikuja. Karatasi ilisomwa mbele ya genge na mtu wa mkandarasi, na ndipo nilipoyasikia maneno halisi: kwamba Salum hakukagua kalavati kwa siku nne, kwamba hakutoa taarifa yoyote kwa nyapara, kwamba anakiri uzembe wake kwa hiari. Masanja aliruka. Alisema mambo ambayo hayaandikiki, alimkunja Zuberi shati safi, ikabidi watu wanne wamtoe. Mtu wa mkandarasi akauliza, je, hili si dole lako? Baba akasema ni langu. Akaulizwa, je, hukusomewa? Akasema nilisomewa.

Hakusema na nani. Wanagenge walinitazama, kisha wakatazama chini, na hakuna aliyeniita Karani tena.

Tulihama tukiwa na magodoro mawili na mbuzi mmoja, tukaenda Kisarawe kwenye shamba la bibi. Baba akawa mtu wa mihogo na makaa. Zuberi alibaki. Nasikia alipandishwa cheo, akasimamia magenge matatu, na alipozeeka alifanyiwa sherehe yenye keki. Mtu mzima, mwenye kalamu mbili, alimsikia mtoto wa miaka tisa akisoma uongo, na uongo ule ukamfaa, akauacha upite. Angeweza kuninyang'anya karatasi. Angeweza kusema, mtoto hajui mwandiko huu, tumsubiri Masanja. Nimekuwa na hasira na mtu yule tangu nilipopata akili, na sikusudii kuiacha. Watu huniambia nisamehe, kwamba amekuwa mzee, kwamba anatembelea fimbo. Atembelee. Kila nikifungua jalada nikakuta dole gumba chini ya maneno mengi, huwa nasimama, namwita mwenye dole, namsomea mstari kwa mstari, hata foleni ikilalamika. Acha ilalamike.

Siku niliyomfukuza fundi na magogo yake, sikuweza kukaa. Nilipanda basi hadi Kisarawe. Nilimkuta baba uani anamenya mihogo, macho yameingia mtoto wa jicho lakini mikono ni ileile.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Mbona hukusema unakuja? Umekonda."

"Sijakonda." Nikakaa kwenye kinu kilicholazwa. Nikamwambia kwa mkupuo, miaka thelathini ikatoka kwa pumzi moja: kwamba siku ile sikusoma, nilitunga, nilikuwa sijui mwandiko wa kuunganisha. Nilijieleza kama mshitakiwa, mimi ambaye wakurugenzi hunisubiri.

Baba aliendelea kumenya.

"Najua," akasema.

"Ulijua lini?"

"Palepale. Zuberi angewezaje kuandika kwamba nilimwambia? Angejifunga mwenyewe? Ulipotaja nyapara na kokoto, nikajua mwanangu anasoma kilichomo kichwani mwangu, si kilichomo kwenye karatasi."

"Sasa kwa nini uliweka dole?"

Alikata ncha ya muhogo, akaitupia kuku. "Nigeuke nimwambie nani? Kwamba mwanangu hajui kusoma? Mbele ya wale wote waliokupigia makofi?"

"Ulifukuzwa kazi, baba!"

"Nilifukuzwa. Na Jumatatu yake ulikwenda shule."

Nilisimama. Nataka mjue kwamba sikulia na sikumkumbatia. Nilimgombeza baba yangu mzazi, uani kwake, kwa sauti iliyowaleta watoto wa jirani kwenye ua. Nilimwambia alikosea, kwamba aibu ya mtoto hupoa kwa siku mbili na kazi hairudi, kwamba mama alizeekea kwenye moshi wa makaa kwa ajili ya makofi ya wanagenge. Baba akaniambia mihogo ikiiva nile kabla sijaondoka.

Nilikula, bado nimekasirika, na hasira hiyo ninayo hata sasa ninapoandika. Ila nimeelewa kitu ambacho mtoto wa darasa la tatu hakukiona. Kwenye meza ile tulikuwa watatu, na wote watatu tulijua kwamba sikuwa nimeisoma karatasi ile. Zuberi alinyamaza kulinda kazi yake. Mimi nilinyamaza kulinda jina langu. Baba peke yake alinyamaza kwa ajili ya mtu mwingine, na ndiye pekee aliyeondoka bila kitu.