Maganga Wawili, Ufunguo Mmoja

Sostenes wa mtaa wa Kambarage aliacha chuo mwaka wa pili, au chuo kilimwacha. Inategemea unamuuliza nani. Ukimuuliza yeye, atakwambia wahadhiri walikuwa wanafundisha kompyuta kwa chaki. Ukimuuliza mama yake, Martina, atashusha pumzi ndefu na kukukaribisha chai. Hata hivyo alirudi Shinyanga na ujuzi ambao mtaani kwao hakuna mwingine aliyekuwa nao: alijua kutengeneza ukurasa wa mtandao unaomjibu mtu. Ubonyeze, unabadilika hapohapo.

Kazi hiyo aliifanya kwa kifurushi cha zana alichokipakua bure na kukisifia kuliko vijana wengine wanavyosifia wachumba. Zana hizo zilikuwa zinaugawa ukurasa katika vipande, na kipande kimoja kikibadilika, kinachorwa hicho tu, vingine vinaachwa vilivyo. "Ni kama kuziba tundu la paa bila kuezua nyumba," alimweleza mama yake.

"Basi anza na hili letu," alisema Martina, akanyoosha kidole juu.

Habari zake zikamfikia Onesmo, mwenyekiti wa kikundi cha wachimbaji wenye duara lao kule Mwakitolyo. Duara, kwa asiyejua, ni shimo la dhahabu. La akina Onesmo lilikuwa limekwenda chini mita sitini. Onesmo alikuwa amehudhuria semina ya siku mbili, akala kuku mara nne, na akarudi na neno moja: mfumo. Mwenyekiti asiye na mfumo siku hizi ni kama mhubiri asiye na spika. Akamwita Sostenes.

"Nataka nijue nani yuko chini na nani katoka. Kwenye kioo. Siyo kwenye daftari la Dorika."

Dorika alikuwa karani wa duara, mama wa makamo aliyekaa chini ya turubai mdomoni mwa shimo na daftari la kurasa mia mbili. Aliandika watu kama mfugaji anavyotaja ng'ombe wake: kwa jina, kwa rangi na kwa alikotoka. *Maganga wa Ushirombo, mrefu, shati jekundu, kashuka saa mbili.* Maganga mwingine alimwandika *wa hapahapa, mfupi, kofia ya Yanga.* Kwa Wasukuma na Wasumbwa waliojaa pale, Maganga ni jina la kujikwaa nalo. Ukiliita kwa sauti kubwa, unapata kikao.

Sostenes akatengeneza mfumo kwa siku tisa. Mchimbaji anabonyeza "Nashuka," anaandikiwa jina lake, jina linaingia kwenye orodha. Akirudi juu, analigusa jina lake, linayeyuka taratibu kama barafu. Juu kabisa, kwa herufi nene: WALIOKO CHINI, na idadi yao. Wachimbaji walilipenda hilo la kuyeyuka. Wengine walitoka mapema ili wakajiyeyushe.

Dorika akanyang'anywa daftari, akapewa kishkwambi akishike na kukichaji.

Tangu mfumo uanze kazi, kila Sostenes alipoufungua kwenye kompyuta yake pale nyumbani, mstari wa njano ulijitokeza upande ule ambao watumiaji hawauoni. Ni zile zana zilizokuwa zinamwonya kwa Kiingereza. Siku moja mama yake alimwuliza yale maandishi ya njano yanasema nini.

"Yanasema watoto wawili wana ufunguo mmoja, kwa hiyo mmoja anaweza kuachwa."

Martina akaacha kuchambua mchele. "Watoto wa nani?"

"Siyo watoto wa kweli, mama. Ni lugha ya kompyuta. Kila jina kwenye orodha linaitwa mtoto, na linatakiwa liwe na ufunguo wake wa kulitambua. Mimi ufunguo nimeweka jina lenyewe."

"Na wa kuachwa je?"

"Njano siyo nyekundu, mama. Nyekundu ndiyo mbaya."

Hivyo ndivyo walivyo mafundi wetu. Gari likilia, wanaongeza sauti ya redio.

Dalili hazikukosekana. Mara tatu Maganga mrefu alitoka shimoni akatafuta jina lake kwenye kioo, asilione. "Kumbe limenijua kabla sijalibonyeza," alisema, watu wakacheka. Hakuna aliyelipeleka jambo hilo kwa Sostenes. Mtu hashtaki muujiza.

Siku ya siku, Sostenes alikuwa palepale mdomoni mwa duara. Alikuja kubadilisha waya wa kuchajia, na kusifiwa kidogo. Asubuhi walikuwa wamepiga baruti, na moshi wake ulikuwa bado umelala chini. Mashine ya hewa, ile inayopuliza upepo kupitia mpira mrefu hadi shimoni, ilikuwa inanguruma tangu saa nne. Saa tisa alasiri Maganga mfupi akatoka, akaligusa jina lake, likayeyuka. Akaenda zake kuoga. Wengine wakafuata mmojammoja, hadi kioo kikaandika kwa kijani: WALIOKO CHINI: 0.

"Zima mashine ya hewa," akaagiza Onesmo. "Dizeli siyo maji ya kisima."

Ikazimwa. Ukimya ukashuka, wenye raha, kama wa kanisani baada ya matangazo marefu.

"Mwenyekiti," alisema Dorika, "Maganga wa Ushirombo hajatoka."

Onesmo akamtazama Sostenes. Sostenes akakitazama kioo.

"Mayu Dorika, shikamoo," alisema, akimwita mama kwa Kisukuma, kwa heshima ile ya mtu anayejiandaa kuivunja. "Mfumo unasema hakuna mtu."

"Marahaba. Mimi nasema yumo."

"Mfumo hausahau, mayu. Binadamu ndiye anayesahau."

"Sijasahau. Macho yangu hayajamwona."

"Macho hayana chaji!" akadakia mchimbaji mmoja, wenzake wakaangua kicheko. Mwingine akasema mama ana wivu na kioo, kimemlia daftari lake. Sostenes naye alicheka. Hilo ndilo baadaye lilimkaa kooni kuliko mengine yote: kwamba alicheka, na kwa sauti.

"Mwiteni basi," Dorika akasema. "Piga kelele humo shimoni."

Wakaita. Mita sitini zikawarudishia sauti yao wenyewe.

"Umeona?" alisema Onesmo.

"Asiyejibu siyo kwamba hayupo," alisema Dorika, na sasa sauti ilikuwa inamtetemeka. "Nyie watoto, asiyejibu ndiye wa kutafutwa!"

Sostenes akaona amalize ubishi. Akafungua kompyuta juu ya ndoo iliyopinduliwa, watu wakamzunguka. "Njoo uone mwenyewe, mayu. Nakuandikia watu watatu wa uongo." Akaandika la kwanza lililomjia: Maganga. Kisha, kwa kuwa ndilo jina walilokuwa wanabishania, akaandika tena: Maganga. La tatu akaandika Ezekiel. "Sasa Maganga mmoja anatoka." Akabonyeza.

Yakayeyuka mawili. Taratibu, kwa madaha, kama alivyoyapamba mwenyewe. Akabaki Ezekiel peke yake, na kule pembeni mstari wa njano.

Ni Sostenes aliyepiga yowe.

"Washa! Washa mashine, yumo!"

Jenereta la mashine likavutwa kamba mara ya kwanza, likakohoa. Mara ya pili, likakohoa. Mara ya tano likakubali. Dakika ishirini na kitu zilikuwa zimepita tangu izimwe. Wachimbaji wawili wakajifunga vitambaa puani wakashuka, na winchi ikaanza kulia. Sostenes alikuwa amepiga magoti pembeni ya shimo, akisema maneno aliyoyaacha tangu kipaimara.

Maganga alitoka akiwa hai. Macho yalikuwa wazi lakini hayakuwa yanatazama mtu. Akatapika, akaomba maji, akayatapika na hayo. Akauliza kwa nini upepo ulikatika.

Kesho yake asubuhi kikafanyika kikao. Maganga aliletwa, akakalishwa kwenye kiti cha wageni, kichwa bado kinamgonga. Onesmo alikuwa amelitafakari jambo usiku kucha.

"Ndugu zangu, tatizo limejulikana. Tatizo ni majina. Mfumo ni mzuri, ila majina yetu yanauchanganya. Kuanzia leo, jina moja, mtu mmoja. Maganga wa hapa abaki Maganga. Wewe wa Ushirombo, ukiwa kazini utaitwa Davis."

"Davis ni nani?" aliuliza Maganga.

"Ni wewe."

Watu wakacheka, safari hii kwa woga. Dorika akainua mkono, hakupewa nafasi. Ndipo Sostenes akasimama.

"Mwenyekiti, majina hayana kosa. Kosa ni langu. Nilitakiwa kila mtu nimpe namba yake, nikaona uvivu. Na zana zilinionya. Niliona onyo, nikaliacha."

Kisha Onesmo akaanza kupiga makofi.

"Mnaona msomi alivyo? Anajishusha! Mpigieni makofi!"

Wakampigia. Sostenes akasimama katikati ya makofi yale akitamani mtu ampige yeye badala yake.

Kikao kilipovunjika, Maganga alimfuata hadi kwenye bodaboda iliyokuwa inamsubiri.

"Hilo onyo," alisema. "Uliliona lini?"

"Tangu siku ya kwanza."

"Ina maana wiki mbili."

"Wiki mbili, kaka."

Maganga akahesabu kwa vidole, polepole, viganja vyote viwili, kisha akarudia kidole kimoja. "Nimeshuka mara kumi na moja."

Sostenes akamwashiria dereva wa bodaboda asubiri.

"Kesho shuka na mimi," alisema Maganga. "Ukauone huo ukurasa wako kwa chini."

"Naliogopa shimo, kaka. Kweli kabisa."

"Hata mimi naliogopa," alisema Maganga, akageuka, akarudi kwenye turubai kumwuliza Dorika zamu yake ni saa ngapi.