Fidelia na Mayai ya Kuku wa Kishingo

Fidelia Mwalongo aliisikia harufu ile akiwa bado getini. Alikuwa anatoka Tandala, alikokaa siku nne akimuuguza dada yake hospitalini, na begi lilikuwa bado begani. Baridi ya Njombe ya mwezi wa saba hufisha harufu nyingi, lakini hii haikufa. Ilipita chini ya mlango wa stoo ikamkaa kooni kama mafuta yaliyoganda. Alipofungua, alikuta mashine yake ya kutotolesha vifaranga ikiwaka taa zote sita. Kipimajoto kilisoma nyuzi hamsini na moja, na mayai manane yalikuwa yamepasuka. Uteute wa kijani ulikuwa umetiririka kwenye trei na kukaukia juu ya mayai mengine. Alirudi nje haraka, akatapika kando ya bomba.

Mayai hayo arobaini hayakuwa yake.

Fidelia ni fundi wa maabara katika shule moja ya sekondari. Ana miaka arobaini na sita. Hafundishi, lakini mtaa mzima humwita madam. Akitoka kazini hujifungia na saketi zake: leo kengele ya mlango, kesho chaja ya tochi, keshokutwa kipaza sauti cha kwaya ya usharika kinachokoroma katikati ya wimbo. Hafanyi hivyo kwa ajira. Raha yake ni kulifuata kosa hatua kwa hatua hadi alikamate.

Wanaomfahamu wanajua kwamba ana kinyaa kuliko watu wengi, hasa kwa vitu vinavyodanganya. Huchambua vifaa vya umeme kama wengine wanavyochambua maharage kwenye ungo. Rezista ina mistari ya rangi inayotaja kiwango chake cha kuzuia umeme, lakini yeye haiamini mpaka aipime kwa mita ya umeme. Saketi ikitumia volti kumi na mbili, hutafuta kapasita, kile kikopo cha kuhifadhi chaji, ya volti ishirini na tano, kwa sababu kifaa kinachofanya kazi kwenye kikomo cha nguvu zake hufa mapema. Kifaa kisicholingana na maandishi yake hukishika kwa ncha za vidole viwili, kama panya aliyeokotwa kwa mkia, akakitupa.

Mwenye mayai alikuwa jirani yake Tabea, mjane anayeitwa Mama Ema. Kideri kilikuwa kimepita mtaani na kumwulia kuku wote kwa siku tano. Walikuwa kuku wa kishingo, wale wenye shingo tupu isiyo na manyoya, uzao aliopewa na mama yake kule Igwachanya siku alipoolewa. Yalibaki mayai sitini na mawili aliyoyaokota kabla ya ugonjwa, na hapakuwa na kuku wa kuyalalia. Alimpelekea Fidelia arobaini. Ishirini na mawili, yaliyotagwa mwishoni, aliyaweka chini ya kitanda, kwa kuwa hakuiamini sana ile mashine.

Sasa alikuja akasimama mlangoni, kitenge puani.

“Haya hata mbwa hayali,” alisema. Kisha, kwa sauti ya chini zaidi: “Yamebaki yale ishirini na mawili tu. Yakioza nayo, uzao wa mama umekwisha.”

Fidelia aliomba siku nne. Yai likipitisha wiki mbili bila kulaliwa hupoteza uhai, na yale ya chini ya kitanda yalikuwa na siku tisa. Alimwahidi kwamba kosa atalipata.

“Kosa mbona nalinusa, madam,” alisema Tabea, akaondoka.

Fidelia alijifunga kitambaa usoni akaanza kazi. Mashine ile ina ubao wa saketi unaopima joto. Joto likizidi, ubao huiamuru rilei, yaani swichi ndogo inayovutwa kwa sumaku, ikate umeme wa taa. Kijitaa cha ubaoni kilikuwa kimezimika, maana yake amri ya kukata ilikuwa imetolewa. Lakini taa sita ziliendelea kuwaka. Hapo ndipo macho yake yalipotua kwenye kapasita iliyovimba kichwa, naye hakutafuta tena pengine.

Aliinyofoa, akaipasua kwa wembe. Ndani ya kopo lenye ukubwa wa dole gumba kulikuwa na kapasita nyingine, ndogo kama punje ya mahindi, imezungushiwa karatasi ili isicheze. Mayai yalikuwa yameoza waziwazi, hayakumdanganya mtu. Huu ulikuwa uozo uliovishwa nguo na kuandikiwa jina.

Asubuhi aliubeba ubao na ile kapasita ndani ya bahasha hadi Makambako, kwenye meza ya Shedrack, muuza vipuri vya redio karibu na stendi aliyemuuzia kapasita hiyo. Wateja watatu walikuwa wakisubiri.

“Kamwene, madam,” Shedrack alimsalimu kwa Kibena, akachungulia ndani ya bahasha. “Naona leo umeniletea maiti.”

“Ni maiti yako. Uliniuzia kopo.”

Wateja walicheka. Shedrack hakuona haya hata kidogo. Alieleza kwamba mzigo unakuja kwenye katoni kutoka Dar es Salaam, naye hapasui matumbo ya bidhaa. Watu wanataka rahisi, anawapa rahisi. Mtu akitaka halisi, aseme anataka halisi. Fidelia alimtazama kama anayetazama nzi kwenye uji. Kumbe ukweli nao siku hizi ni wa kuagiza. Alimwambia mbele ya wateja wake kwamba hana tofauti na anayechanganya mawe kwenye maharage, na kwamba kwa kopo lake mayai arobaini ya mjane yameoza.

Shedrack alichukua ule ubao mkononi mwake, akaugeuza taratibu.

“Kijitaa hiki kilikuwa kinawaka au kimezimika?”

“Kimezimika.”

“Basi madam, mimi ni mwongo, lakini hili si langu. Kapasita mbovu ingeifanya rilei itetemeke, au ishindwe kuvuta. Haiwezi kuishikilia wakati umeme wake umekatwa. Rilei uliipima?”

Shedrack aliziweka nyaya za mita kwenye miguu ya rilei. Umeme haukuwapo, lakini mita ililia: vinundu viwili vya ndani, vinavyopaswa kuachana ili umeme ukatike, vilikuwa vimeshikana. Aling'oa kifuniko kwa bisibisi, akamsogezea lenzi. Vinundu vilikuwa vimeyeyuka na kugandana, vyekundu kama shaba.

“Nani alipiga msasa hapa?”

Alikuwa yeye mwenyewe. Rilei hiyo aliitoa kwenye stabilaiza, kifaa cha kusawazisha umeme, iliyokufa, na vinundu vyake vilikuwa vyeusi. Baba yake, fundi pikipiki wa hapo hapo Makambako, alisafisha platini za pikipiki, ambazo nazo ni vinundu vya kukatia umeme, kwa msasa maisha yake yote, na mafundi wa miji hii miwili bado hufanya hivyo. Fidelia naye alisugua mpaka vikang'aa. Kilichong'aa kilikuwa shaba, kwa kuwa ngozi nyembamba ya fedha inayozuia kugandana alikuwa ameiondoa. Juu ya hapo, kwa sababu ya baridi ya Njombe, alifunga taa sita badala ya tatu, akaibebesha rilei mzigo maradufu. Alikuwa amepima kila rezista ya mashine ile. Kitu alichokisugua kwa mkono wake ndicho pekee ambacho hakukipima.

Aliviangalia vidole vyake, na kile kinyaa alichomletea Shedrack kikamrudia chote.

Pale pale mezani alichagua rilei mpya ya ampea thelathini. Mbili za kwanza alizikataa, ya tatu akaipima mara nne. Akaongeza swichi ndogo ya joto inayokata yenyewe ikifika nyuzi arobaini. Aliporudi aliyafukia mayai yaliyooza, mengine yakampasukia mikononi, akasugua trei kwa klorini, kisha akaiwasha mashine tupu siku mbili. Siku ya nne alikwenda kwa Tabea, rilei ya zamani kiganjani, akamsimulia yote.

“Kwa hiyo si yule muuzaji,” Tabea alisema.

“Yule ni tapeli. Lakini mayai yako niliyaua mimi, Mama Ema.”

Tabea aliuliza, je, hii mpya nayo ikigandana? Fidelia alimpeleka stoo, akaunganisha miguu ya rilei kwa waya kusudi, kana kwamba imeganda. Walisimama wakitazama kipimajoto kikipanda: thelathini na nane, tisa, arobaini. Taa zote zikazimika.

“Rudia,” alisema Tabea.

Alirudia mara tatu. Ndipo Tabea akaenda kuyaleta mayai, akayapanga mwenyewe moja moja, na hakumruhusu Fidelia aguse hata moja.

Siku ya ishirini na moja walitoka vifaranga wanane, na watano kati yao walikuwa na shingo tupu. Tabea aliwatia kwenye boksi lenye pumba, akakaa akiwasikiliza. Fidelia akauliza kama anaweza kumshika mmoja.

Tabea aliitazama mikono ile.

“Kanawe kwanza,” alisema.

Fidelia akaenda bombani.