Giga Nane Zilizosomeka Tatu

Wa kwanza kulaumiwa ni fundi wa kompyuta wa pale karibu na soko, na simfichi kwa sababu tu ana maneno matamu.

Tangu basi lilipotupindukia tukitoka Usoke, nikabaki hai na goti lisilokunjika, kazi yangu ni kupiga video za harusi upande wa wanawake na kuziunga nyumbani kwangu, mtaa wa Chemchem. Shule niliishia darasa la nne. Kazi wananipa kwa kuwa mimi ni mwanamke: siku ya hina wenyewe wanavua baibui, nywele nje, na hakuna mwanaume wa kuiona picha hiyo, hata awe fundi.

Mama mmoja wa familia ya Kiarabu alinipa kazi ya video ya hina ya binti yake wa pekee. Bibi harusi alishakwenda Maskati kwa mumewe. Mama mtu presha ya macho ilikuwa inammaliza. Daktari alishamwambia jicho lililobaki halina muda.

"Fanya haraka, mwanangu," aliniambia. "Nataka nimwone akicheka."

Lakini kompyuta yangu ilikuwa inagota kila nikiunga vipande. Fundi akasema dawa ni kuongeza memori, zifike giga nane. Akaja, akaifungulia mashine barazani.

"Weka, lakini usiiwashe," nikamwambia. "Humo mna watoto wa watu."

"Nitafumba macho, mama," akacheka.

Akaweka, akafunga, akaenda zake. Mimi nikamwona ana adabu.

Nilipoiwasha, ikaandika kwamba giga nane zimo, zinazotumika ni tatu na ushei. Picha ikagota palepale. Nikampigia.

"Aa, huo mfumo unaoiendesha mashine yako ni wa zamani, wa biti thelathini na mbili," akasema. "Hata uweke giga mia, hauvuki nne. Inabidi tuufute, tuweke wa sitini na nne."

"Na hukuyajua hayo kabla?"

"Ungeniacha niiwashe ningeona."

"Si ungeuliza!"

"Niletee dukani, mama. Nahamisha vitu vyako kwanza, ndipo nafuta."

Ahamishe yeye, maana yake aone yeye. Mimi kuhamisha sijui. Najua kukata na kuunga, basi. Nikaenda kwa yule mama kuomba ruhusa.

"Binti yangu ni mke wa mtu," akasema. "Hapana."

Kaka wa bibi harusi, wa pili katika lawama zangu, alikuwa amekaa palepale na simu yake kubwa, kijana wa chuo kabisa. Angeweza hata kunielekeza kwa mdomo. Hakunyanyua kichwa.

Siku zikaenda. Mwisho nikaipakia kompyuta kwenye bajaji, nikaipeleka hivyo hivyo kwa mama. Tukajifungia chumbani, mimi na yeye. Picha ikaanza na ukuta wa sebuleni. Naanzaga hivyo, kisha ndipo namgeukia bibi harusi. Kicheko chake kikasikika kidogo. Ikagota.

"Mbona kimya?"

"Imekwama, Bi Mkubwa."

Akausogeza uso mpaka pua ikagusa kioo.

"Naona weupe," akasema. "Haya ndiyo meno yake?"

Ulikuwa ukuta. Nikabonyeza tena.