Fundi wa joto wa Kabanga na vifaranga wa Ernesta

Saa moja kasoro asubuhi, mvua ya Machi inanyesha Kabanga, na Melkiadi Mpawenimana amechuchumaa katikati ya vifaranga mia mbili. Hagusi kitu. Anawatazama tu.

"Safari iliyopita nilikosea. Nilitazama mashine, sikuwatazama wao," anasema.

Melkiadi, mwenye miaka 34, wanamwita fundi wa joto kuanzia hapa Kasulu mpaka Kibondo, ingawa alianza kwa kutengeneza redio. Wafugaji humwita pale mashine za kuangulia mayai zinapogoma, au vyumba vya vifaranga vinapopoa. Mwezi ukiwa mzuri hupata kama laki mbili. Ukiwa mbaya, anasema, hata nauli ya pikipiki inamshinda.

Chumba hiki ni cha Ernesta Majaliwa, mjane anayeishi na mama mkwe wake. Makundi mawili ya vifaranga yamemfia mwaka huu wa 2014.

"Na hawa wakifa, nafunga," anasema Ernesta. "Mwanangu yuko bweni kidato cha tatu. Atarudi nyumbani, basi."

Ukutani kuna kisanduku cha kudhibiti joto, chenye namba nyekundu. Chumba kikipoa, kisanduku kinawasha taa kubwa za kupasha joto. Joto likitosha kinazizima. Waya wake wa kupimia unaning'inia kwenye msumari, msumari pekee wa chumba hiki. Mwezi uliopita Melkiadi alibadilisha kisanduku chote. Vifaranga wakaendelea kufa. Ernesta akadhani ni baridi, akapandisha namba. Kwa hali ya hewa ya huku, nani angewaza kingine?

Leo taa zinawaka na kuzimika vizuri. Vifaranga wametawanyika, wanadonoa.

"Nani anaingia humu?" anauliza fundi.

"Hakuna mtu," anajibu Ernesta, macho chini.

Kabla hajamaliza, mlango unafunguliwa. Ni mama mkwe, Bibi Maximilla, katoka misa ya asubuhi, kalowa chapachapa. "Mwakeye," anatusalimu. Anavua kitenge kibichi, anakitundika kwenye ule msumari, juu ya waya, kisha anaketi kwenye ndoo chini ya taa na kunyoosha magoti. Ernesta anatoka nje taratibu.

Melkiadi ananiashiria ninyamaze. Haichukui muda mrefu. Kisanduku kinaona baridi ya kitenge, taa hazizimiki. Vifaranga wanakimbilia pembeni, midomo wazi, mbawa zimetanuka. Mimi mwenyewe natokwa jasho. Kumbe si baridi iliyokuwa ikiwaua, ni joto.

Nje, tukimweleza tulichoona, Ernesta anasema bila kuulizwa. "Kuwa anaingia, najua. Ila hilo la kitenge, sikujua kabisa. Ningemwambiaje mama mkwe atoke kwenye joto? Mume wangu hayupo wa kunisemea."

Ikabidi fundi aseme. Alianza kwa kushusha waya mpaka usawa wa migongo ya vifaranga, mbali na msumari, akarudisha namba chini. Ndipo akachuchumaa mbele ya bibi na kumweleza kwa heshima habari ya kitenge.

Bibi Maximilla alisikiliza mpaka mwisho.

"Mwana wanje, mwanangu," akasema, "kuku wakisikia baridi mnaita fundi. Mimi nikisema nasikia baridi, mnaniambia nivae sweta."

Mlangoni, Ernesta alifuta macho kwa ncha ya khanga. Mimi niliona aibu, na wala si wa familia hiyo.

Chumba cha bibi kimepakana na jiko la kupikia. Kabla ya kuondoka, Melkiadi aliupima ukuta kwa mikono. Anataka kujenga bomba la matofali litakalopitisha moshi wa jiko ndani ya ukuta huo na kuutoa juu ya paa, ili ukuta ubaki na joto upande wa kitanda. Likifaulu hapa, atalipeleka Kumsenga na Kakonko.

"Miaka sita nahangaika na joto la kuku," anasema. "Hakuna hata mmoja aliyeniita kwa ajili ya mtu."

Matofali bado hayajachomwa. Kwa sasa bibi anaendelea kuketi na vifaranga kila akitoka misa, nao wanakua vizuri. Ernesta humsubiri mlangoni, anampokea kitenge kilicholowa na kumpa kikavu.